Msasa wa mkanda benchini: shajara ya kuifunga mashine ya mkononi

Jumamosi, kabla ya kutoboa chochote

Karakana yetu ya Keko, Dar es Salaam, inatengeneza stuli, mbuzi za nazi, miiko na vibao vya kukatia. Karibu kila kimoja kina kingo za mviringo, na kingo za mviringo ndizo zinazokula muda. Mguu wa stuli ukishafungwa kwenye jiriwa, kuupitishia mashine ya msasa ya mkanda juu yake ni taabu: mashine ni nzito, inaelemea upande mmoja, na ikielemea inachimba kona. Tunachotaka ni kinyume chake. Mashine itulie, mti ndio usogezwe.

Mashine za msasa za kusimama zipo madukani Kariakoo, ila bei yake haijaingia kwenye hesabu zetu za mwaka huu. Tunayo ya mkononi, ya wati 1,000 hivi, inayotumia mkanda wa milimita 100 kwa 610. Ni mashine nzuri na haina kazi nusu ya siku. Mradi ni kuilaza benchini kwa namna ambayo nitamwachia kijana anayejifunza kazi aitumie hata mimi nikiwa nje nafuata mbao.

Namna ya mkato naijua, na wasomaji mnaijua. Mashine inalazwa chali, kishikio chake kinabanwa kwenye jiriwa, kitufe cha kuwashia kinafungwa kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kazi inaanza. Nimeikuta karakana nyingi, kwa mafundi ambao mikono yao naiheshimu. Ubaya wake ni huu: mashine ya mkononi imeundwa ikitegemea mikono miwili ya mtu. Kidole kikiachia kitufe, inazima. Kiganja kikihisi imekwama, kinainyanyua. Mkono wa pili uko kwenye kishikio cha mbele, kwa hiyo hakuna mkono unaobaki huru kwenda karibu na mkanda. Ukiifunga benchini, ulinzi wote huo unaondoka pamoja, na mikono yote miwili inahamia kwenye mti, yaani inahamia jirani na mkanda.

Kwa hiyo nimejiwekea sharti moja. Kila kazi iliyokuwa inafanywa na mkono ipewe kifaa chake kabla mashine haijawashwa ikiwa imefungwa: cha kuishika, cha kuizima, cha kuzuia mti usirushwe, na cha kuweka vidole mbali.

Kabla ya yote nimesoma kitabu cha mashine. Wasomaji wafanye hivyo pia, kwa sababu si kila mashine imeruhusiwa kugeuzwa. Makita na Bosch wamewahi kuuza stendi za kulaza baadhi ya mashine zao za mkanda. Kama yako ina stendi yake na unaweza kuipata, nunua hiyo na uruke nusu ya shajara hii. Utabaki na suala la swichi, ambalo linamhusu kila mtu.

Jumapili, chali au ubavu

Mashine inaweza kulazwa chali, mkanda ukiangalia juu, au ubavu, mkanda ukiwa umesimama wima mbele ya meza. Chali ni rahisi kufunga na inafaa kusawazisha nyuso bapa. Kwa kazi zetu ubavu ni bora: mti unalala juu ya meza, na meza ndiyo inayohakikisha ukingo unatoka nyuzi 90 na uso. Mbuzi ya nazi, kwa mfano, ina ubao wa kukalia wenye mikunjo. Ukiutembeza juu ya meza ukingo unatoka wima bila kukisia.

Faida ya pili ni ya usalama. Mashine ikilala chali, unasukuma mti kwenda chini kwa uzito wa mwili, na mti ukiteleza kiganja kinafuata moja kwa moja juu ya mkanda. Ikilala ubavu, uzito wa mti unabebwa na meza. Mkono unausogeza tu.

Ubavu gani ulale chini? Mashine hizi zina upande mmoja ulio wazi, ambako mkanda unatolewa na kuvalishwa, na upande wa pili wenye kifuniko cha ukanda mdogo unaozungusha rola. Nimeamua upande wazi uwe juu. Mkanda utabadilishwa bila kufungua bolti hata moja, na wenzo wa kulegeza utafikika. Hili si la starehe. Mashine ambayo kubadilisha mkanda wake ni usumbufu itatumiwa na mkanda uliokwisha makali, na mkanda butu ndio unaomfanya mtu asukume kwa nguvu.

Kasoro ya uamuzi huu ni kwamba kati ya benchi na ukingo wa chini wa mkanda panabaki nafasi ya sentimita kadhaa kwa sababu ya kile kifuniko. Dawa yake ni meza ndogo iliyoinuliwa. Nitaijenga juu kidogo ya ukingo wa chini wa mkanda, milimita 5 hivi, ili mkanda uanze kukata chini ya usawa wa meza na usiache mstari usioguswa.

Jumanne jioni, kitanda

Kitanda ni kile kitakachoishika mashine. Nimetumia plaiwudi ya maji ya milimita 18, vipande viwili vilivyochongwa kufuata umbo la mashine, kimoja karibu na pua, yaani ncha ya mbele ya mashine, kingine karibu na mzizi wa kishikio cha nyuma. Umbo nimelipata kwa waya laini wa risasi: unaukandamiza kwenye mashine, unaunyanyua kwa uangalifu, unauchora kwenye boksi, unakata boksi, unajaribu. Nilipunguza boksi mpaka likakaa bila mwanya, kisha nikalihamishia kwenye plaiwudi.

Mahali pa kubana pana maana kuliko nguvu ya kubana. Ganda la mashine ni la plastiki, na ndani yake ndimo bearingi zinamokaa. Ukilibana katikati kwa klampu ya chuma, ganda linapinda kidogo, bearingi zinakaa upande, mota inaanza kuchemka na kaboni, zile zinazopeleka umeme kwenye mota, zinakwisha upesi. Unaweza usione chochote kwa nje. Kwa hiyo mbele nimebana kwenye pua ambayo ni ya chuma cha kumimina, na nyuma kwenye mzizi wa kishikio, penye plastiki nene isiyo na kitu ndani. Matundu ya hewa yote yako wazi. Nimepitisha mkono kila upande kuhakikisha hakuna kipande cha kitanda kinachoyakaribia.

Mikanda ya kubania ni ya flatibaa, yaani chuma bapa, ya milimita 25 kwa 3, iliyokunjwa kufuata umbo, na ndani yake nimebandika mpira wa tyubu ya gari. Mpira unafanya kazi mbili: unashika bila kukwaruza na unakula mtetemo. Bolti ni M8, zinapita kitanda na benchi zote mbili, na chini nimeweka nati zenye plastiki ndani ambazo hazilegezwi na mtetemo. Skrubu za mbao sikutumia hata moja kwenye kitu kinachobeba mashine. Skrubu inayotetemeshwa saa nyingi inakula tundu lake.

Benchi lenyewe nimeliweka urefu ambao katikati ya mkanda inakuwa chini kidogo ya kiwiko changu. Kijana wetu ni mfupi kuliko mimi, kwa hiyo tumemtengenezea jukwaa la mbao la kusimamia, pana, lisiloyumba.

Jumatano, je, kinashika?

Kujua kama kitanda kinatosha si lazima kuwasha mashine. Hesabu ni fupi. Mkanda wa mashine ya aina hii hukimbia kiasi cha mita 400 kwa dakika, ambayo ni mita 6.7 kwa sekunde, au kilomita 24 kwa saa. Tukichukulia kwamba wati zote 1,000 zinafika kwenye mkanda, jambo ambalo halitokei, nguvu ya kuvuta ni 1,000 kugawanya kwa 6.7: karibu niutoni 150, sawa na uzito wa kilo 15. Mti ukijibana ghafla, mshtuko unaweza kuzidi hapo kwa kitambo kidogo.

Basi tukafunga mizani ya ndoano kwenye pua ya mashine, plagi ikiwa nje ya soketi, tukavuta kufuata mwelekeo wa mkanda hadi kilo 30. Halafu tukavuta kinyume, kisha kwenda juu. Nimechora mstari wa penseli kati ya mashine na kitanda ili kuona kama kuna kilichosogea. Kwenda mbele na nyuma, mstari ulibaki mzima. Kwenda juu, kipande cha nyuma kilipinda kwa kiasi cha kuonekana kwa macho. Nimekiongezea mbavu mbili za pembetatu kwa gundi na bolti, na nitarudia kuvuta gundi ikikauka.

Alhamisi

Mbavu zimekauka. Kilo 30 kwenda juu, mstari mzima.

Ijumaa, swichi

Hapa ndipo nilipotaka kufika tangu mwanzo, na ndipo nitakapokaa sana.

Mashine za mkononi zina kitufe kidogo cha kufungia swichi ili kidole kisichoke. Ukifungia na mashine imefungwa benchini, imekuwa mashine inayowaka kila soketi inapopata umeme. Sasa fikiria mji wetu. Umeme unakatika katikati ya kazi, au LUKU, umeme wa kulipia kabla, inaisha. Mashine inanyamaza. Fundi anaweka mti chini, anatoka nje kupiga simu. Mwenzake anaona afadhali afute vumbi kwenye mkanda, au aubadilishe kabisa maana mashine si imezima. Mtu wa tatu, upande wa pili wa ukuta, anaingiza namba za LUKU. Mkanda unaondoka kwa kasi ya baiskeli inayoteremka mlima huku vidole vimo ndani. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyefanya jambo la ajabu.

Kinachohitajika ni swichi ambayo umeme ukikatika inajiachia, na ukirudi haijirudishi yenyewe mpaka mtu aje kubonyeza. Kifaa hiki si kigeni kwetu. Kila mashine ya kusaga mahindi iliyofungwa vizuri inacho. Mafundi wanakiita staata. Ndani mna kontakta, yaani koili inayovuta chuma na kufunga njia ya umeme. Ukibonyeza kitufe cha kijani, koili inapata umeme, inavuta, na kupitia mguso wake mdogo wa pembeni inajilisha yenyewe. Ukibonyeza chekundu, au umeme ukikatika, inaachia. Umeme ukirudi, njia iko wazi na koili haina pa kuupata.

Nimemwita fundi umeme jirani yetu. Kazi hii ni ya fundi umeme, na nasema hivyo kwa kila anayesoma: njia ya umeme ndani ya boksi la chuma juu ya benchi lenye vumbi si mahali pa kujifunzia.

Tulianza na staata ya zamani iliyotoka kwenye mashine ya kusaga. Aliifungua, akaangalia koili, akatikisa kichwa.

"Fundi, hii koili ni ya volti 415. Ilikuwa kwenye laini tatu. Hapa kwako laini moja, haitavuta. Au itatetemeka tu mpaka iungue."

"Kwa hiyo hatuitumii?"

"Tunaitumia, kaka. Tunabadilisha koili tu, tunaweka ya 230."

Hilo ni jambo la kuangalia kwa yeyote anayenunua staata iliyokwisha tumika: namba iliyoandikwa kwenye koili, si iliyoandikwa kwenye boksi. Jambo la pili alilonionyesha ni rilei ya kuzidiwa, ile inayokata mota ikila umeme kupita kiasi. Rilei hizi nyingi zina njia tatu, na zikiona njia moja haina umeme huenda zikakata zikidhani laini imepotea. Kwa laini moja aliupitisha waya wa moto kwenye njia zote tatu, ukiingia na kutoka kwa mfuatano, ili zote zibebe mkondo uleule. Mashine yetu inakula amperi 4 na kitu ikiwa na mzigo kamili, naye akaiweka rilei hapo jirani, kwenye 5.

Kabla ya staata kuna swichi ya kuvuja umeme, ile inayokata umeme unapovuja, ya miliamperi 30. Mashine yenyewe ina alama ya mraba ndani ya mraba, maana yake imezuiwa umeme mara mbili na waya wake hauna ardhi. Lakini boksi la staata ni la chuma, benchi lina bolti za chuma, na mtu amesimama kwenye sakafu ya saruji ambayo msimu wa masika haikauki. Boksi limeunganishwa na ardhi. Waya wa kutoka ukutani ni wa milimita za mraba 2.5 na umefungwa kwenye ukuta na mguu wa benchi. Haupiti sakafuni, na hakuna ekstensheni ya kuzungushwa kwenye ringi.

Vitufe vimekaa mbele ya benchi, chini ya ukingo, upande wa kulia. Juu ya kile chekundu nimeweka ubao wenye bawaba, upana wa kiganja, uliopakwa rangi nyekundu na kushuka hadi usawa wa goti. Ukiusukuma kwa goti au paja, unabonyeza kitufe. Mikono ikiwa imeshika mti uliokwama, goti ndilo lililo huru. Kitufe cha kijani kimezama ndani ya boksi, hakibonyezwi kwa kuegemewa.

Jumamosi asubuhi, jaribio la umeme

Mkanda tumeutoa. Mashine imewashwa kwa kitufe cha kijani, mota inazunguka. Kijana ameenda kwenye swichi kuu akakata, akahesabu hadi kumi, akarudisha. Kimya. Tumerudia na mashine ikiwa imezimwa kwa goti, tumerudia kwa kuchomoa plagi na kuirudisha. Kimya kila mara. Swichi ya kuvuja umeme tumeijaribu kwa kitufe chake cha majaribio. Jaribio la kukata na kurudisha umeme nimeliandika ukutani: kila Jumatatu asubuhi kabla ya kazi. Migusano ya kontakta ikizeeka inaweza kugandana, na ikigandana mashine haizimi kwa kitufe. Afadhali tuligundue mkanda ukiwa nje.

Ikitokea siku hiyo haizimi, plagi inachomolewa na mashine haitumiki mpaka fundi aje. Halina mjadala.

Jumamosi mchana, mkanda unaenda wapi

Mashine ya mkononi ikiwa imesimama kawaida, mkanda chini yake unakimbia kutoka puani kwenda nyuma, ndiyo maana inajivuta mbele ukiiachia. Ikilazwa, mwelekeo huo haubadiliki: pua kwenda nyuma. Nimeilaza pua ikiwa kulia kwangu, kwa hiyo mkanda unakwenda kushoto. Kizuizi cha mti basi ni upande wa kushoto. Ukiweka kizuizi kulia, umekiweka mahali ambapo mti unakimbia mbali nacho.

Kizuizi ni kipande cha mbao ya mkongo, kimefungwa kwa bolti mbili juu ya meza, na kimeacha milimita 2 tu kutoka kwenye uso wa mkanda. Nafasi ikiwa kubwa, kipande chembamba kitaingizwa humo, kitavunjika, na kidole kitakuwa nyuma yake. Ukingo wa meza nao umeacha milimita 1.5, nimeupima kwa kipande cha bati. Mkanda ukisogezwa kwa kile kirungu cha kuunyoosha usiguse chuma wala mbao mahali popote. Tumeuzungusha kwa mkono raundi kadhaa, kisha tumeuwasha na kuuangalia kwa dakika chache. Mwanzoni ulitaka kupanda juu. Robo mzunguko kwenye kirungu ukatulia.

Nje ya ile sehemu ya kufanyia kazi, kila kitu kimefunikwa. Rola ya kushoto ina kifuniko cha plaiwudi. Nyuma ya mkanda kuna ukuta. Sehemu ya juu ya mkanda ina ubao unaopanda na kushuka, unafungwa kwa nati ya kipepeo: ukipiga msasa mti wa milimita 25, unaushusha hadi 30. Pale mkanda unapoingia kwenye rola ndipo pabaya kuliko pote, maana panavuta kwenda ndani, na ndipo nilipoweka kifuniko kisichotoka bila spana.

Upande wa kushoto, mbele ya kizuizi, hakuna mtu anayesimama. Nimepaka rangi sakafuni. Mkanda ukikatika, au mti ukiruka kizuizi, vitakwenda huko.

Jumatatu, vumbi

Mfuko wa vumbi uliokuja na mashine unaning'inia vibaya ikilala ubavu na unajaa haraka. Nimeutoa. Bomba la vumbi limeunganishwa kwa hozi hadi kwenye ndoo ya rangi ya lita 20 yenye mfuniko, na kutoka kwenye ndoo hozi nyingine inaingia kwenye mashine ya kuvuta vumbi. Vumbi zito linabaki kwenye ndoo, laini linakwenda kwenye chujio. Karakana imebaki safi kiasi cha kuona tofauti kwenye mwanga wa dirisha.

Hata hivyo barakoa haivuliwi. Tunafanya kazi na mninga, mvule na mtiki, na vumbi la mvule linajulikana kwa kuwasha ngozi na kubana kifua. Zaidi ya hapo, Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani mwaka 1995, hasa saratani ya pua na mianya yake. Barakoa ya kitambaa haizuii vumbi la msasa namba 120. Tunatumia za FFP2, zenye kubana puani. Kwa masikio kuna vizibo vya masikioni, kwa sababu mashine hizi ziko kwenye desibeli 85 au juu yake, kiwango ambacho saa nane za kila siku zinaanza kula uwezo wa kusikia.

Glovu hapana. Glovu ikiguswa na mkanda inavutwa pamoja na mkono. Pete, saa, mikono mirefu ya shati, na uzi wa barakoa unaoning'inia pia hapana.

Jambo jingine la vumbi ambalo karakana nyingi hulipuuza ni moto. Mashine ikishakuwa benchini, kila mtu anatamani kunolea patasi hapo, au panga, au jembe. Chuma kinatoa cheche, cheche zinavutwa na feni, zinaingia kwenye ndoo iliyojaa unga wa mbao mkavu. Haziwaki papo hapo. Zinafukuta, na moto unatoka usiku mlango umefungwa. Mashine hii ni ya mbao tu. Nimeandika hivyo juu yake, na patasi zitaendelea kunolewa kwa jiwe na maji.

Jumatano, kazi ya kwanza

Miguu ya stuli ya mtiki, mkanda namba 80. Mtiki una chembe za silika ndani yake na unaua makali ya msasa upesi, kwa hiyo ni jaribio zuri. Mti unalazwa mezani, unaegemezwa kwenye kizuizi kwanza, ndipo unasogezwa polepole hadi uguse mkanda. Usianze na mkanda ukamalizia na kizuizi. Kwa ubao wa mbuzi wenye mkunjo haiwezekani kuegemeza muda wote, basi unauzungusha kwa kuanzia upande ambao mkanda unaukimbia, usiupeleke ncha kali ikiuelekea mkanda.

Vipande vifupi kuliko kiganja havishikwi kwa vidole. Tumetengeneza kibao chenye mpira chini na kishikio juu. Kipande kinakaa chini ya mpira, mkono unakaa juu ya kishikio. Miiko midogo ya chai inapigwa msasa mwiko ukiwa bado umeungana na gogo lake, kisha ndipo unakatwa.

Kuhusu joto: mota hii haikuundwa kufanya kazi bila kupumzika. Ikibeba mzigo muda mrefu, ganda linapata moto wa kuunguza kiganja. Badala ya kuizima ikiwa moto, tunaiacha izunguke bila mzigo dakika moja au mbili, feni yake iipoze, ndipo goti. Na kwa mashine yenye kirungu cha mwendo, mwendo mdogo si mapumziko: feni iko kwenye mhimili wa mota, mota ikienda polepole hewa nayo ni kidogo. Kusukuma kwa nguvu kwenye mwendo mdogo ndiyo njia ya haraka ya kuiunguza.

Kijana alimaliza miguu yote ya stuli za oda kabla ya adhuhuri, kingo zikiwa wima kwa skwea. Nilikaa upande wa pili wa karakana makusudi, nikimwangalia goti lake. Alizima kwa ubao mwekundu bila kukumbushwa, akasubiri mkanda usimame kabisa, akachomoa plagi, ndipo akagusa mkanda. Utaratibu huo wa plagi tumeukubaliana ingawa kuna staata: mkanda haubadilishwi plagi ikiwa kwenye soketi.

Jioni tumekagua nati zote. Moja ya kitanda cha mbele ilikubali sehemu ndogo ya mzunguko, kwa sababu mpira wa tyubu umejilaza. Tumeikaza, na kwa wiki hii tutakagua kila jioni mpaka mpira umalize kujilaza.

Kilichobaki

Mikanda ya akiba nimeihamisha kutoka ukutani kwenda kwenye sanduku lenye mfuniko. Unyevu wa Dar unalegeza gundi ya kiungo, na kiungo kikiachia mkanda unakatika ukiwa kasi. Kabla ya kuvalisha mkanda wa zamani unaukunja kwenye kiungo. Ukitoa mlio wa kupasuka, unakwenda kwenye pipa.

Meza ya pili, yenye bawaba ya kuinamisha hadi nyuzi 45, itafuata. Kizuizi chake kinanisumbua: meza ikiinama, kizuizi kinainama nayo na zile milimita 2 zinabadilika. Nafikiria kizuizi kilichofungwa kwenye benchi badala ya meza, chenye ulimi unaosogea. Nitakichonga kwanza kwa boksi.

Walioomba vipimo vya kitanda: sitaviandika, kwa sababu havitafaa. Umbo la ganda, mahali pa matundu ya hewa na unene wa pua vinatofautiana kati ya mashine na mashine hata za mkanda uleule. Chukua waya wa risasi, laza mashine yako ubavu plagi ikiwa nje, anza na boksi.